Kipandikizi Hakina Mdomo: Kuzalisha Miche Bila Stima Wala Maji ya Mfereji

Kata kitawi cha sukuma wiki saa mbili asubuhi, kiweke juu ya meza, kisha urudi saa sita. Utakikuta kimelala. Majani yameendelea kutoa maji hewani kama kawaida yake, lakini mizizi iliyokuwa ikiyaleta maji hayo imebaki shambani. Shida yote ya vipandikizi, yaani vitawi vinavyokatwa ili vitie mizizi, iko hapo. Tangu siku unayokata hadi siku mzizi wa kwanza unapochomoza, kipandikizi kinapoteza maji na hakina mdomo wa kuyanywa. Kinanyonya kidogo kupitia jeraha la chini, na hicho kidogo hakikidhi kiu ya majani mapana.

Vitalu vikubwa hutatua jambo hili kwa pampu, mabomba na saa ya umeme inayorusha ukungu wa maji kila baada ya dakika chache. Mwenye ploti Kamulu, Joska au upande wa Kitengela, pembezoni mwa Nairobi, mahali ambapo maji huja kwa mkokoteni na nguzo za stima hazijamfikia, husoma maelezo ya namna hiyo akaona bora akanunue miche kando ya barabara. Hana haja. Kipunguzie kipandikizi kiu, kisha ukifungie pamoja na unyevu kidogo usiotoroka. Mtungi wa lita 20 unaweza kulea vipandikizi mia moja kwa wiki kadhaa, mradi ujue pa kuuweka.

Kukata ndiko kunakoamua mengi, na wengi huifanya kazi hiyo kwa pupa. Kata alfajiri au mapema asubuhi kabla jua halijapanda, maana usiku mmea umejaza maji hadi ncha. Chukua gazeti lililoloweshwa, fungia matawi humo, yaweke kivulini, na uyachomeke siku iyo hiyo. Usikate tawi lenye ua wala tumba: nguvu zake zimeshaelekezwa kwenye mbegu. Kwa rozimeri tafuta tawi la mwaka huu ambalo chini limeanza kugeuka rangi ya kahawia na juu bado ni kijani. Likiwa laini mno litaoza, na likiwa gumu lote litachelewa. Kata urefu wa sentimita 8 hadi 10. Mkato wa chini upite milimita chache chini ya kifundo, pale jani lilipoota, kwa sababu mizizi hupenda kutokea hapo. Tumia wembe mpya. Makasi butu huponda mishipa ya shina, na shina lililopondwa halinyonyi. Linageuka jeusi kuanzia chini.

Sasa majani. Ukiyaacha yote, kipandikizi kinakauka. Ukiyatoa yote, kinakufa njaa, kwa kuwa jani ndilo linalopika chakula cha kujengea mizizi. Ondoa majani ya nusu ya chini, ile itakayozikwa, na yale mapana yaliyobaki yakate nusu kwa upana. Kwa vipandikizi vya miti mingi, kipimo kizuri ni kubakiza eneo la jani linalokaribia mraba wa sentimita saba kwa saba. Sukuma wiki ni rahisi zaidi: shina la zamani likirefuka hutoa vichipukizi vya pembeni. Kimoja cha sentimita 10 hadi 15, ukikibandua na kukiachia majani madogo mawili matatu ya ncha, kinatia mizizi ndani ya wiki mbili au tatu. Anayefanya hivi haendi tena agroveti kununua mbegu ya sukuma kila msimu.

Pa kuchomeka pawe mchanga wa mto, ule wa chenga kubwa. Si udongo. Udongo mweusi wa Embakasi, Ruai na Kitengela ukilowa unafunga kama plastiki na hewa haipiti. Ukikauka unapasuka na kukata mizizi michanga. Udongo mwekundu wa upande wa Kikuyu na Kiambu ni mzuri kwa mche uliokwisha kushika, lakini kwa kipandikizi kibichi bado ni mzito na umejaa kuvu. Samadi nayo ngoja kwanza. Asiye na mizizi hali, na chumvi ya samadi inachoma jeraha. Mchanga uliobaki kwenye mjengo unafaa iwapo haujaguswa na saruji au chokaa. Kuupima, tia konzi moja kwenye glasi ya maji, tikisa, ngoja dakika moja. Maji yakibaki kama chai ya maziwa, osha tena. Osha hadi yabaki angavu. Ukitaka ushike unyevu zaidi, changanya debe mbili za mchanga na debe moja ya vumbi la mbao lililokaa mvuani miezi kadhaa, au vumbi la makaa lililochekechwa. Vumbi la mbao mbichi ya msonobari lina utomvu unaozuia mizizi.

Kabla ya kuutumia, ua vimelea. Mwaga maji yanayochemka juu ya mchanganyiko ulio kwenye beseni lenye matundu hadi yatokee chini yakiwa bado yanatoa mvuke, kisha funika na uache upoe hadi kesho. Mwenye subira asitumie makaa hata kidogo: Januari na Februari, jua likiwa kali, auloweshe mchanganyiko, autandaze unene wa sentimita 10, aufunike kwa nailoni angavu iliyobanwa kingo zote, auache wiki nne hadi sita.

Kwa vipandikizi vichache, chupa inatosha. Kata kitako cha chupa ya maji ya lita 5, chomeka vipandikizi vitano au sita kwenye kopo lenye matundu, mwagilia mara moja, ngoja maji yachuruzike, kisha funika kwa chupa hiyo na kizibo chake kikiwa kimefungwa. Asubuhi utaona matone yamejipanga ndani ya chupa. Hayo ndiyo maji yaliyotoka kwenye majani, sasa yanateleza kurudi mchangani. Matone yakiwepo, usiongeze maji, hata kama mkono unawasha. Yakikosekana asubuhi mbili mfululizo, ongeza nusu kikombe pembeni, si juu ya majani. Watu huviua vipandikizi kwa huruma mara nyingi kuliko kwa kiu: kila jioni kikombe kimoja, mchanga unajaa maji, hewa inaisha, na shina linaoza likiwa limezungukwa na maji.

Kwa anayetaka miche mingi, sanduku la unyevu ndilo chombo ninachokithamini kuliko vyote, na ningemshauri yeyote asiye na stima alijenge kabla ya kununua hata neti ya kivuli. Limefundishwa miaka mingi na watu wa kilimo mseto, wakiwemo ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ambao makao yao makuu yapo Gigiri hapa hapa Nairobi, na halina kifaa hata kimoja kinachozunguka. Tengeneza fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 60, kimo cha sentimita 70. Ndani, tandika nailoni nzito isiyo na tundu, ipande kuta hadi sentimita 30, iwe kama karai. Weka mchanga wa sentimita 2 ili mawe yasiitoboe, kisha mawe ya ukubwa wa ngumi sentimita 10, kisha kokoto sentimita 5, na juu kabisa mchanga wako uliooshwa sentimita 8. Kabla ya kujaza, simamisha kipande cha paipu kwenye pembe moja kikifika chini kabisa. Mimina maji kwa paipu hiyo hadi yafike juu ya kokoto bila kuufikia mchanga wa juu. Nafasi kati ya mawe na kokoto ni kama asilimia 40 ya ujazo wake, kwa hiyo sanduku la kipimo hiki linameza takriban lita 20. Mtungi wako mmoja.

Kuta zilizobaki na kifuniko vifunikwe kwa nailoni angavu, iliyovutwa na kupigiliwa bila mwanya. Maji yanapanda kutoka chini taratibu hadi mchangani, hewa ya ndani inajaa unyevu, na unyevu ukigusa nailoni unadondoka tena. Kwa nafasi ya sentimita 5 kati ya vipandikizi, unapanda zaidi ya mia moja. Fungua alfajiri au jioni tu, na kila ukifungua rushia ukungu kidogo kwa chupa ya kupulizia, kwa sababu mfunuo mmoja unatoa unyevu wote uliokusanyika. Mara moja kwa wiki chovya kijiti kwenye paipu: kikitoka na alama ya maji chini ya sentimita 5, jaza. Hitilafu ya kawaida ya sanduku hili ni kulijaza kupita kiasi, mchanga wa juu ukaogelea. Ya pili ni kuliweka juani, ambapo nailoni inaligeuza jiko.

Hapo ndipo mahali pa kuliweka panapohusika, na vitabu vingi vya bustani vinatupotosha kwa kuwa viliandikwa mbali na ikweta. Vinasema weka vipandikizi upande wa kaskazini wa ukuta, penye kivuli. Nairobi iko karibu nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua linapita upande wetu wa kaskazini, na mwezi Desemba linapita kusini, kwa hiyo hakuna ukuta wa kaskazini wala wa kusini wenye kivuli mwaka mzima. Tumia ukuta unaotazama mashariki: kipandikizi kinapata jua laini la asubuhi, na mchana ukuta wenyewe unakikinga. Usikifiche kwenye giza la nyuma ya choo ukidhani unakisaidia. Jani lisiloona mwanga halipiki chakula.

Majira nayo yana neno. Mizizi huota haraka mchanga ukiwa na joto la nyuzi 20 hadi 25. Anza vipandikizi laini mwishoni mwa Machi mvua za masika zikiingia, au Oktoba kwa mvua za vuli. Kati ya Juni na Agosti, baridi na mawingu ya Nairobi vinaupoza mchanga usiku kucha, na rozimeri inayotia mizizi kwa wiki nne hadi sita inaweza kuchukua miezi miwili au zaidi. Ukilazimika kuanza wakati huo, weka ndani ya sanduku chupa mbili tatu zilizopakwa rangi nyeusi na kujazwa maji, zinyonye joto la mchana na kulitoa usiku. Kimsingi, lakini, ningesubiri.

Neno juu ya maji. Maji ya visima virefu vya upande wa Kitengela na Athi River mara nyingi yana chumvi, na chumvi hujionyesha kwanza kwenye ncha za majani zinazoungua kahawia. Kwa vipandikizi weka akiba ya maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja, hivyo kibanda cha mita 10 za mraba kikipata mvua ya milimita 20 kinakupa karibu lita 200, ukiondoa zinazomwagika. Maji ya kufulia yapeleke kwenye migomba, yasikaribie sanduku.

Kuhusu dawa ya mizizi, ile poda ya agroveti ni homoni halisi na inasaidia matawi magumu. Chovya sentimita moja ya chini, gonga ili ziada ianguke, chomeka kwenye tundu ulilotoboa kwa kijiti ili poda isifutike. Mnanaa, sukuma, rozimeri na viazi vitamu haviihitaji. Asali na mdalasini vinavyosifiwa sana mitandaoni havina homoni hiyo, na asali inaalika sisimizi.

Usidanganywe na majani mapya. Tawi lina akiba yake, na likipata unyevu linaweza kuchipua juu wakati chini hakuna mzizi hata mmoja, kisha siku kumi baadaye linakauka ghafla. Lishike shina kwa vidole viwili, livute kwa upole kama unavyovuta uzi kwenye sindano. Likikataa, mizizi ipo. Likija, usilitupe: tazama chini. Uvimbe mweupe mgumu maana yake ni karibu, rudisha. Weusi laini wenye harufu, tupa, na utupe na mchanga uliolizunguka.

Majani yakidondoka yenyewe ndani ya siku tatu au nne za kwanza, shina likiwa bado kijani, tatizo lilitokea kabla ya kuchomeka: tawi lilikaa juani, au lilikatwa kwenye mmea uliokuwa na kiu. Mwagilia mmea mama siku moja kabla ya kukata.

Kuna mimea isiyohitaji sanduku wala chupa. Mforosadi, mtini, mkomamanga na mzabibu hukatwa vikiwa vigumu na visivyo na majani, Februari hadi Machi kabla ya masika, vijiti vya unene wa penseli na urefu wa sentimita 20 hadi 25. Bila majani, kiu ni ndogo. Kata chini mkato ulionyooka na juu mkato wa mshazari, ili usije ukakipanda kichwa chini, kosa ambalo hutokea mara nyingi sana vijiti vikishalundikwa. Zika theluthi mbili. Stroberi hujizalisha yenyewe kwa kamba zake. Elekeza kamba kwenye kopo la udongo, ibane kwa kijiti, ikate baada ya wiki tatu au nne.

Kwa mlimau na mpera, usikate kwanza. Acha tawi linywe kwa mama yake hadi litakapokuwa na mizizi yake, njia inayomfaa kabisa mtu anayefika ploti mwisho wa wiki tu. Chagua tawi lenye afya, nene kama penseli hadi kidole gumba, na upime sentimita 30 hadi 40 kutoka ncha. Zungushia wembe mara mbili, mikato iachane sentimita 3, kisha bandua pete ya gamba. Chini yake kuna utando wa kijani unaoteleza. Ukwangue wote hadi mti mkavu mweupe uonekane pande zote, na upitishe kidole kuhakikisha hakuna kinachoteleza. Uzi mwembamba tu wa utando huo ukibaki, gamba linajiunga upya, na baada ya miezi miwili utafungua ukute kovu badala ya mizizi.

Loweka makumbi ya nazi au vumbi la mbao la zamani, kamua kwa mkono hadi litoke tone moja au mawili tu, kisha zungushia jeraha konzi mbili. Funga kwa nailoni ya sentimita 20 kwa 30, kaza chini, kaza juu, na juu yake zungushia kitambaa cheusi, maana mizizi hukwepa mwanga na jua huchemsha donge hilo. Baada ya wiki 6 hadi 12 fungua kitambaa uchungulie. Mizizi myeupe michache haitoshi. Ngoja ijae, ianze kuwa na rangi ya kahawia na matawi. Kata chini ya donge, punguza nusu ya majani, panda kwenye kopo la lita 5, weka kivulini mwezi mmoja. Mti wa namna hii huzaa mapema kuliko wa mbegu, ila hauna mzizi mkuu, hivyo upe mhimili dhidi ya upepo. Na usichukue tawi la mlimau wenye majani yaliyotapakaa madoa ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati. Huo huenda ni ugonjwa wa kijani wa michungwa, na utakuwa umeuhamisha kwenye ploti yako kwa mikono yako.

Matunda ya pasheni ya zambarau yanapenda baridi ya huku kwetu, lakini mizizi yake huuawa na mnyauko wa udongoni. Ya manjano, ya pwani, huuvumilia. Kwa hiyo unganisha miche ya aina hizo mbili: mche wa manjano chini, wa zambarau juu. Mche wa mbegu ukifika unene wa penseli, ukate kwa kimo cha sentimita 20, pasua katikati sentimita 3. Chukua kijiti cha zambarau cha unene ule ule chenye macho mawili au matatu, kitoe majani, kichonge kama kabari, kitumbukize ili magamba yakutane angalau upande mmoja, funga kwa utepe wa nailoni na uvishe kifuko angavu kwa wiki tatu. Choma wembe motoni kabla ya kugusa mmea mwingine, kwa sababu virusi vya pasheni husafiri kwa wembe.

Migomba: chukua chipukizi lenye majani membamba kama upanga, si yale mafupi yenye majani mapana. Menya tunguu hadi liwe jeupe, kisha litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, usizidishe. Hapo unaua minyoo ya mizizi na mayai ya fukusi. Viazi vitamu vyenye marando ya kufa kiangazi, hifadhi viazi vidogo visivyo na jeraha kwenye beseni la mchanga mkavu uliopoa, kagua kila mwezi utoe vilivyooza, na uvipande kwenye kitalu kidogo wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua. Marando yatakuwa tayari mvua ikinyesha. Kata ya sentimita 30 kutoka ncha, uyalaze kivulini siku moja, uzike theluthi mbili.

Kipandikizi kilichotia mizizi bado hakijazoea dunia. Mizizi ikifika sentimita 2 au 3, kihamishe kwenye pakiti ya maziwa ya nusu lita iliyotobolewa matundu manne chini, yenye sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mchanga na moja ya mboji iliyoiva. Usishike shina, shika jani. Kirudishe ndani ya sanduku kwa wiki moja, kisha weka kijiwe chini ya kifuniko, mwanya wa kidole. Siku tatu baadaye, mwanya wa ngumi. Siku ya saba ondoa kifuniko usiku tu, ya kumi ondoa kabisa lakini kivulini. Ukiona majani yamelegea saa sita yakainuka jioni, endelea. Yakibaki yamelegea hadi asubuhi, rudi hatua moja nyuma. Baada ya wiki tatu kitavumilia jua la asubuhi. Kipande shambani jioni siku ya mawingu, kwenye shimo lenye bakuli pana la kukusanyia maji, mwagilia lita mbili, na ufunike udongo kwa nyasi kavu zisizogusa shina.